Mwongozo kamili wa kukutana tena na mliosoma nao sekondari: anzeni na majina, ukumbi utafuata

Mara nyingi wazo huzaliwa msibani. Mmoja wa mliosoma naye amefariki, mmekutana wachache makaburini, na mtu anauliza: "Hivi sisi tutaonana kwenye misiba tu?" Wiki hiyohiyo linafunguliwa kundi la WhatsApp. Watu sitini wanaingizwa usiku mmoja, kila mtu anafurahi, na siku chache baadaye mjadala umeshahamia kwenye ukumbi, rangi ya fulana na nani awe mshereheshaji. Miezi mitatu ikipita, kundi limebaki la salamu za asubuhi na video za kusambazwa. Wenye uwezo waliopo mjini wamekutana hotelini mara moja na kupiga picha, na nusu ya darasa haikupata hata habari.

Naamini kwa dhati kwamba mkutano wa waliosoma pamoja hupimwa kwa waliotafutwa na kupatikana, si kwa ukumbi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na orodha na kukaa hapo kwa muda mrefu kuliko mtakavyotarajia. Nimeuandika nikiwa na shule za sekondari za Tanzania akilini, hasa za bweni, ambako watu waliishi pamoja miaka minne au sita na ambako kupotezana kunauma zaidi. Jipeni mwaka mzima. Miezi sita ya kwanza ni ya kutafuta watu, na fedha zisiguswe kabla ya hapo.

Kamati ndogo, na cheo kimoja muhimu

Watu watano hadi saba wanatosha. Kawaida kiti cha mwenyekiti humwendea aliyekuwa kaka mkuu au dada mkuu, au yule aliyefanikiwa zaidi kifedha. Hakuna ubaya, mradi awe na muda. Ila mwenye kazi kubwa kuliko wote ni katibu wa orodha: mtu mtulivu, anayepokea simu, asiyesambaza siri za watu, na anayeandika kila kitu. Mchagueni huyu kabla ya wengine.

Kisha hakikisheni kuna angalau mmoja anayeishi karibu na shule, maana kuna barua za kupeleka kwa mkono na watu wa kuulizia kijijini. Kama shule ilikuwa mchanganyiko, wanawake wasiachiwe chakula na mapambo tu. Wao mara nyingi ndio wanaojua nani aliolewa wapi na anatumia jina gani siku hizi, na bila wao nusu ya orodha haitakamilika.

"Sisi" ni akina nani?

Amueni hili kikao cha kwanza, kwa maandishi, kwa sababu ndilo litakaloamua kama mkutano ni wa darasa au wa kikundi cha waliofanikiwa. Watu wamezoea kujitaja kwa mwaka wa kumaliza. Mimi nashauri mhesabu kwa mwaka wa kuanza: wote walioingia kidato cha kwanza mwaka fulani, pamoja na waliohamia baadaye, hata kama hawakufika kidato cha nne.

Fikirini ni akina nani wanaokatwa mkihesabu kwa mwaka wa kumaliza. Yule aliyekwama mtihani wa kidato cha pili. Yule aliyerudishwa nyumbani kufuata ada na hakuonekana tena, maana ada katika sekondari za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016 tu. Msichana aliyepata mimba akaondolewa shuleni. Utaratibu wa kuwaruhusu wasichana kama yeye warudi kwenye mfumo rasmi ulitangazwa Novemba 2021, na kwa waliosoma zamani ulikuja wakiwa tayari na wajukuu. Hawa walikaa madawati yaleyale, walikula maharage yaleyale, na wengine ndio waliowafundisha wenzao hesabu usiku. Hawatajileta wenyewe, kwa kuwa wanadhani mkutano ni wa wenye vyeti. Lazima wafuatwe na waambiwe wazi kwamba wao ni wa darasa hili.

Kwa waliosoma kidato cha tano na sita mahali pengine, msichanganye. Mkutano wa "A level" ni mwingine, kwa sababu mliokuwa nao kwenye michepuo kama PCB au HGL walitoka shule ishirini tofauti.

Kuijenga orodha dawati kwa dawati

Kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi, na swali la "nani unamkumbuka?" huleta majina yaleyale ya watukutu na wacheza mpira. Kuna njia bora. Mpeni kila mwanakamati karatasi tupu na mumwombe achore darasa lake: mlango, ubao, madirisha, safu za madawati. Halafu aandike jina la kila aliyekaa pale, hata kama ni jina la utani tu. Mtu ambaye hukumkumbuka ulipoulizwa ghafla atarudi kichwani ukifika kwenye dawati lake, kwa sababu unakumbuka alikuwa anaziba dirisha au anaazimisha kalamu. Waliokaa bweni wachore bweni pia, kitanda kwa kitanda, wa juu na wa chini. Karatasi za watu wanne wa mkondo mmoja zikiwekwa mezani pamoja, nafasi zilizobaki wazi huwa chache sana.

Baada ya hapo nendeni shuleni kuomba kuona rejesta ya uandikishaji. Mkuu wa shule halazimiki kuwaonyesha, hivyo andikeni barua ya heshima, mtaje mwaka na madhumuni, na muombe kunakili majina tu. Sehemu nyingine rejesta zimeliwa na mchwa au kupotea wakati wa kuhama ofisi. Shule nyingine zimepatwa na makubwa zaidi. Tetemeko la ardhi la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya majengo ya Ihungo na Nyakato, na aliyesoma Ihungo miaka ya nyuma akirudi leo anakuta majengo mapya. Pale ambapo makaratasi ya shule hayapo, michoro yenu ya madawati ndiyo kumbukumbu yenyewe.

Waliosoma miaka ya sitini na sabini wana jambo jingine la kuangalia: jina la shule. Baada ya shule nyingi za mashirika ya dini na jumuiya kutaifishwa, kufuatia sheria ya elimu ya 1969, majina yalibadilika. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala, Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru, na Aga Khan ya wavulana Dar es Salaam ikawa Tambaza. Tangazo lenu likibeba jina jipya peke yake, mzee aliyesoma chini ya jina la zamani anaweza kulisoma asijue kwamba anaitwa yeye. Andikeni yote mawili.

Sasa majina ya watu. Kila aliyeandikwa awe na safu hizi: majina yote matatu kama yalivyokuwa shuleni, jina la utani, jina analotumia sasa, mkondo na bweni, kijiji au mtaa alikotoka, namba ya simu, nani aliyempata, na tarehe. Safu ya jina la sasa ni muhimu kuliko inavyoonekana. Wanawake wengi wanatumia la mume. Wapo waliobatizwa ukubwani au waliosilimu. Na wapo, sote tunawajua, waliorudia darasa la saba kwa jina la mtu mwingine na kulibeba jina hilo hadi sekondari. Ukienda kijijini kwao ukauliza jina la shuleni, watakuambia hawamfahamu mtu huyo. Ulizeni kwa jina la baba, kwa sura, kwa mwaka, na mkishajua ukweli uishie kwa katibu wa orodha. Mtu anaweza kuwa na ajira na familia juu ya jina lile.

Namba za watu zisiwekwe hadharani kundini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ilitunga yake 2019. Hata bila sheria, kuna aliyemkimbia mume mkatili au mdai, na namba yake kusambaa ni hatari ya kweli. Muulizeni kila mtu: namba yako ibaki kwa katibu, au wenzako wapewe?

Kuwatafuta waliopotea

Wenye simu janja watapatikana ndani ya wiki mbili. Kazi ni wenye vitochi, na wasio na simu kabisa.

Gawaneni kwa maeneo ya asili, siyo kwa urafiki. Aliyetoka Rombo awatafute wa Rombo, aliyetoka Muleba awatafute wa Muleba. Mtu wa kuanzia ni mwenyekiti wa kijiji au wa serikali ya mtaa, kisha katekista, mchungaji au imamu, maana hawa wanajua nani alizikwa, nani alihamia Mbeya, na nani ana dada sokoni. Akina mama wa sokoni na vijana wa stendi wanajua mengi pia. Redio za jamii katika wilaya nyingi hupokea matangazo kwa gharama ndogo, na tangazo la redio linamfikia mtu shambani ambaye hatakaa aione Facebook.

Mkipata namba, msitume ujumbe kwanza. Pigeni. Watanzania wamechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na ujumbe kutoka namba ngeni unaomtaja mtu kwa jina la shule utafutwa palepale. Kwenye simu jitambulisheni kwa jina la wakati ule, tajeni mkondo, bweni, mwalimu wa zamu aliyeogopwa, kitu ambacho tapeli hawezi kukijua. Asipopokea, andikeni hivi:

"Habari za siku nyingi. Mimi ni (jina na jina la utani), tulianza wote kidato cha kwanza (shule) mwaka (…), mkondo B, bweni la (…). Tunaandika orodha ya wote tulioanza pamoja. Hakuna mchango wowote unaoombwa. Nitapiga jioni saa moja, ukipenda tuongee."

Sentensi ya mchango isiachwe. Wengi wanaokwepa makundi ya shule wanakwepa aibu ya kutokuwa na hela, na wakishasikia kwamba kinachotafutwa ni wao wenyewe, sauti hubadilika.

Kila aliye WhatsApp apewe watu watano wasiokuwa nayo, awe mlezi wao: kila uamuzi wa kundi anawapigia na kurudisha maoni yao. Kundi lenyewe ligawanyeni mara mbili. Moja la matangazo, ambalo wanaoandika ni kamati tu, na jingine la maongezi. Siasa na mabishano ya dini ndiyo yanayowatoa watu wazuri kimyakimya, na wakishatoka ni vigumu kuwarudisha.

Waliotangulia mbele ya haki

Hapa ndipo pa kwenda polepole.

Msimwandike mtu yeyote kuwa marehemu kwa kusikia. "Nasikia alishafariki" imewaua watu wengi walio hai. Wekeni kanuni: jina linaingia kwenye orodha ya marehemu likithibitishwa na mwanafamilia, au na watu wawili waliohudhuria maziko. Kabla ya hapo anaandikwa "hajapatikana". Hebu fikirini mama mzazi akisikia kwamba mwanawe aliyeko Mwanza, mzima, ameombewa dua ya marehemu mbele ya watu mia moja.

Kwa kila aliyethibitishwa, andikeni majina kamili, mwaka wa kufariki kama unajulikana, alikozikwa, na nani wa familia yupo. Sababu ya kifo isiandikwe popote na isitajwe jukwaani. Waliokuwa vijana miaka ya themanini na tisini walipoteza wenzao wengi kwa ugonjwa ambao familia zilinyamazia, na baadhi ya watoto waliobaki hawajaambiwa mpaka leo. Si kazi ya kamati kuwaambia.

Kisha wapigieni familia. Simu hii ipigwe na mtu aliyemfahamu marehemu kweli, kwa mfano aliyekaa naye dawati moja; asipewe katibu kazi hii kwa sababu tu ni katibu. Aanze na pole, hata kama imepita miaka ishirini. Aulize mambo matatu: kama familia inaridhia ndugu yao akumbukwe kwa jina, kama wana picha yake ya wakati wa shule, na kama kuna anayependa kuhudhuria, kwa gharama ya darasa. Familia nyingine zitakataa. Zikubalieni bila kusukuma.

Picha zina utaratibu wake. Msiombe picha halisi iletwe mkutanoni, itapotea. Atakayekwenda nyumbani aipige kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, picha ikiwa imelala mezani na simu ikiwa juu yake moja kwa moja. Ageuze na nyuma pia, kwa kuwa mara nyingi kuna tarehe, muhuri wa studio au maneno ya mkono. Zile za pamoja, za mahafali au timu ya mpira, ziandikiwe majina kwa safu: waliosimama kutoka kushoto, waliokaa kutoka kushoto. Fanyeni hivi sasa, angali yupo anayeweza kuwatambua wote.

Kabla ya siku yenyewe, chapisheni nakala nzuri ya picha ya kila marehemu akiwa na sare ya shule, na nyuma yake wenzake wanne au watano waandike kwa mkono jambo wanalomkumbuka nalo. Inaweza kuwa sentensi moja: "Alinipa godoro lake nilipougua malaria." Mpeni mama yake au mtoto wake. Katika yote mtakayotumia hela, hii ndiyo bei ndogo kuliko zote, na mimi ningeacha fulana zote za sare kabla ya kuiacha hii. Kuna watoto ambao hawana picha ya baba akiwa kijana, na hawajawahi kumsikia mtu akimsimulia kabla hajawa baba.

Kama makaburi yako karibu na shule, wachache waende asubuhi ya siku ile au siku moja kabla, wakiwa na mwanafamilia, wafyeke majani na kuomba kwa dini ya marehemu. Msigeuze kuwa msafara wa magari.

Walimu, na wale waliopika

Tafuteni walimu mapema kuliko wanafunzi, kwa sababu ya umri. Walimu wa sekondari huhamishwa sana, kwa hiyo aliyewafundisha kemia Songea anaweza kuwa amestaafia Tarime. Anzeni na walimu wa zamani wanaoishi karibu na shule, kisha ofisi ya Chama cha Walimu wilayani, kisha Afisaelimu Sekondari wa halmashauri alikomalizia kazi. Mwalimu mmoja mkipata, muulizeni juu ya wenzake watatu, kwani wastaafu wanawasiliana wao kwa wao. Wenye bahati ya kufundishwa na wageni, kama vijana wa kujitolea wa Marekani, Peace Corps, walioanza kuja Tanganyika 1961, wanaweza kuwapata kupitia vyama vyao huko kwao. Wengi wamehifadhi picha ambazo shule yenyewe haina.

Orodha ya "walimu" iwe na nafasi ya mpishi mkuu, matroni, mlinzi wa geti, mkutubi na dereva wa gari la shule. Mpishi aliyeamka saa tisa usiku kuwasha kuni za uji wa watu mia nane aliwalea kama walivyowalea walimu, na hakuna mkutano wowote wa elimu unaomwalika.

Mtembeleeni mwalimu kabla ya kumwalika. Watu wawili, bila kamera. Mkamwone anaishije, anatembea au la, anasikia, anawakumbuka. Zungumzeni na mwenzi wake au watoto wake faragha kuhusu anachohitaji. Ni kawaida kwetu kumtuza mwalimu mbele za watu, kwa khanga, shuka la kimasai, bahasha, vigelegele na mstari mrefu wa kucheza, na inapendeza. Lakini baadhi ya mahitaji hayafai jukwaani: dawa za kisukari, mabati yanayovuja, kesi ya shamba. Hayo yamalizwe nyumbani kimya, na sherehe ibaki kuwa sherehe.

Mwalimu asiyeweza kusafiri afuatwe nyumbani na wanafunzi wake kumi kwa basi dogo la Costa siku moja kabla. Msimlazimishe mzee wa miaka themanini kusafiri kwa muda wa saa sita ili apigwe picha.

Na lipo la viboko. Kuna walimu waliotandika hadi kuumiza, na kuna waliofanya mabaya zaidi ya hayo kwa wasichana. Mkiwaalika walimu wote bila kuuliza, mnaweza kumkutanisha mtu na aliyemharibia maisha. Katibu aulize kila mmoja faragha: je, kuna mtu ambaye akija wewe hutakuja? Jibu likitolewa, liheshimiwe bila kudai maelezo.

Tarehe, mahali na ruhusa

Januari hapana, ni mwezi wa ada na sare za watoto. Mei ni mtihani wa kidato cha sita na Novemba wa kidato cha nne, shule haitawapokea. Desemba inawafaa wenye desturi ya kurudi nyumbani Krismasi, hasa watu wa Kilimanjaro, ila nauli hupanda na mabasi hujaa. Likizo ya katikati ya mwaka, Juni kuelekea mapema Julai, huwa nzuri, na Saba Saba inasaidia. Angalieni Ramadhani, inayosogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Jumamosi ndiyo inayozoeleka, lakini kama mna Wasabato wengi, ama chagueni sikukuu ya kitaifa iangukiayo siku nyingine, ama anzeni sehemu kubwa ya shughuli Jumapili mchana.

Mahali pawe shuleni ikiwezekana. Hotelini mtu anajilinganisha. Bwaloni, kwenye mabenchi yaleyale, meneja wa benki na fundi baiskeli wanarudi kuwa watoto wa mkondo mmoja. Ruhusa inaombwa kwa barua kwa mkuu wa shule miezi minne kabla, nakala kwa Afisaelimu Sekondari, mkitaja tarehe, idadi, muda wa kuanza na kumaliza, na ahadi kwamba hakutakuwa na pombe ndani ya eneo la shule. Watakaotaka bia watafute mahali pa jioni, walimu na wazazi wakishaondoka.

Fedha

Tuseme mmepata watu 80 watakaokuja, na mnaalika walimu, wafanyakazi na ndugu wa marehemu 20. Gharama zote, yaani sahani 100, viti, spika, picha, usafiri wa walimu na zawadi, ni shilingi 4,000,000. Kosa la kawaida ni kugawa kwa 80 na kutangaza. Katibu wa orodha tayari anajua, kimya, kwamba 15 hawana uwezo. Gawanya kwa 65: inakuja kama 61,500. Tangazeni 65,000, mtapata 4,225,000, na ile 225,000 ya juu ni ya dharura. Wale 15 wanapigiwa na katibu peke yake: "Mchango wako umeshalipwa, wewe njoo." Jina lao lisijulikane hata kwenye kamati nzima. Nauli zao pia mzifikirie, maana ndiyo inayowabakiza nyumbani zaidi ya mchango.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu na ya kutolewa kwa saini mbili, au huduma ya kikundi kwenye simu inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha. Mweka hazina atoe taarifa kila Jumapili: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na picha ya risiti. Makundi mengi hubandika orodha ya waliolipa na kiasi, alama ya tiki mbele ya kila jina. Mimi napinga. Jumla inatosha kwa uwazi, kila aliyetoa anapata shukrani yake faragha, na anayesoma orodha kila siku akijikuta hayumo hujitoa kabla hamjamuuliza tatizo ni nini.

Ahadi si fedha. Msilipe malipo ya awali ya kitu chochote kwa kutegemea ahadi.

Siku yenyewe

Saa tatu watu wapokelewe getini na meza ya majina. Kila mtu avae kibandiko chenye jina la shuleni kwa herufi kubwa, na la utani chini yake kama analikubali. Vyeo visiandikwe. Saa nne mstarini, wimbo wa taifa, wimbo wa shule kama mna wanaoukumbuka, kisha mkuu wa shule awakaribishe kwa kifupi.

Kuwakumbuka marehemu kufanyike mapema, kabla ya chakula, watu wakiwa watulivu. Wasomaji wawili wapokezane, majina yote matatu, taratibu, na kila jina likisomwa, yule aliyekaa naye dawati moja au kulala naye kitanda kimoja cha juu na chini asimame na abaki amesimama. Mwisho wa orodha sehemu kubwa ya bwalo itakuwa imesimama. Kisha dua ya Kiislamu na sala ya Kikristo, kwa zamu, na kimya cha dakika moja kwa ajili ya wote. Ndugu wa marehemu wasikae peke yao meza ya pembeni. Kila familia iwe na mwenyeji mmoja wa kukaa nayo hadi jioni. Anayelia aachwe alie.

Walimu wafuate, na hapa msitoe kipaza sauti kwa kila mtu. Wanafunzi watatu waliochaguliwa waseme jambo mahususi juu ya mwalimu mahususi. Mwachieni muda mwalimu naye azungumze, hata kama atarefusha. Chakula saa saba na nusu, baada ya sala ya adhuhuri. Wekeni na sufuria moja la makande au ugali na maharage ya bwaloni, yapikwe na mpishi wa zamani au mwanafunzi wake. Mchana ni wa kutembea: mabweni, uwanja, maabara. Msiujaze kwa hotuba, kwani ni kwenye kutembea huko watu wanaambiana yaliyowatokea.

Kuhusu zawadi kwa shule, muulizeni mkuu wa shule miezi kabla anahitaji nini. Huenda mnafikiria kompyuta wakati shule ina shida ya matundu ya vyoo au tenki la maji. Chagueni kimoja mnachoweza kukimaliza, kikabidhiwe kwa maandishi na kuandikwa kwenye leja ya vifaa, bodi ya shule ikijua. Msitangaze jukwaani ahadi ya bweni zima kwa sababu ya hamasa ya saa kumi.

Wiki mbili za baada

Mweka hazina atoe hesabu ya mwisho ndani ya siku 14, akaunti ikiwa imebaki na kiasi gani. Waliokosa kuja wapigiwe simu na walezi wao na kutumiwa picha.

Kubalianeni palepale kuhusu misiba, maana itakuja: nani akifiwa darasa linatoa kiasi gani, na ni ndugu wa ngazi gani. Kiwango kiwe kimoja kwa wote. Bila kanuni, kwa mwenye jina kunachangwa milioni na kwa asiye na jina kunaandikwa "RIP" na vikaragosi vya machozi. Mkitaka kuendelea kama chama cha kudumu, chenye mali na akaunti yake, andikeni katiba fupi na mkasajili kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kama mnataka tu kuonana kila miaka mitatu, hamhitaji katiba.

Mwisho ni kazi ya katibu wa orodha. Asahihishe orodha kwa yaliyopatikana siku ile, maana kila mkutano hufichua wengine wawili watatu waliosahaulika. Toleo lenye majina, mikondo, mabweni na picha zilizoandikwa majina, bila namba za simu, lichapishwe nakala tatu: moja maktaba ya shule, moja kwa katibu, moja kwa mtu anayeishi mkoa mwingine kabisa. Toleo lenye namba libaki kwa katibu na msaidizi wake. Na majina yaliyobaki na alama ya "hajapatikana" yagawiwe upya siku hiyohiyo, kila jina na mtu wa kulitafuta.